Siri ya Mwanachama na Uwazi wa Chama

(Mazungumzo yaliyotolewa na mkaguzi wa ushirika mbele ya makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi waliokutana Simbo, Mkoa wa Kigoma. Yanachapishwa hapa kwa faida ya vyama vyote.)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya mambo matatu ambayo kila mmoja wetu anayafahamu yakiwa mbalimbali, lakini yanapokutana hutusumbua. Nayo ni siri ya mtu, madaraka ya kiongozi, na wajibu wa kiongozi kutoa hesabu. Simbo ni njia panda. Atokaye Kigoma na Ujiji akielekea Ilagala hadi Kalya sharti apite hapa, na palipo na njia panda habari hazilali. Kwa hiyo nadhani hakuna mahali pafaapo zaidi pa kuzungumza habari ya jambo lipi lisemwe, lipi linyamaziwe, na nani mwenye haki ya kuamua.

MALALAMIKO MAWILI

Mkaguzi aingiapo katika chama hupokea malalamiko mengi, ila yako mawili ambayo ni nadra kukosekana. Lalamiko la kwanza husema, "Viongozi wanatuficha." Lalamiko la pili husema, "Viongozi wamenianika." Mtu akiyasikia kwa haraka atadhani kwamba wanachama hawajui wanachokitaka: leo wanadai uwazi, kesho wanadai siri. Sivyo. Nitaeleza kwa mifano miwili, bila kutaja chama wala mtu.

Katika chama kimoja cha akiba na mikopo nilikuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa ofisi. Iliandikwa majina ya wadaiwa, kiasi wanachodaiwa, na sababu waliyoitoa walipoomba mkopo. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja aliyekopa ili amtibu mwanawe, na ugonjwa wa mtoto huyo ulikuwa umetajwa pale pale, ukisomwa na kila aliyepita kwenda sokoni. Nilipofungua daftari la mikopo nikaona kwamba deni la mama huyo lilikuwa dogo kuliko yote katika orodha, na limechelewa miezi miwili tu. Nikaona pia kwamba wajumbe watatu wa bodi walikuwa na mikopo iliyochelewa kwa zaidi ya mwaka mzima, na majina yao hayakuwamo mlangoni. Nilipouliza sababu, nikajibiwa kwamba mikopo ya viongozi ni mambo ya ndani ya chama. Mama yule alilipa deni lake lote kabla ya mwezi kwisha, kisha akaandika barua ya kujitoa. Wanawake wengine wanne wakamfuata.

Katika chama kingine, cha wakulima wa michikichi, mwanachama mmoja aliomba aonyeshwe hati za malipo ya ukarabati wa ghala. Akaambiwa kwamba hiyo ni siri ya chama. Aliporudia ombi lake katika mkutano mkuu akaitwa mchochezi, na mjumbe mmoja akapendekeza afukuzwe uanachama. Hesabu zilipokaguliwa, zikaonekana hati za malipo zisizo na stakabadhi wala sahihi ya mpokeaji. Paa la ghala lilikuwa linavuja kama zamani.

Ndugu zangu, malalamiko hayo mawili ni ugonjwa mmoja. Katika chama cha kwanza na cha pili, wenye madaraka ndio walioamua kipi kifichwe na kipi kianikwe, na wameamua kwa faida yao. Siri, ambayo imewekwa ili imkinge mnyonge, wamejifunika wao. Uwazi, ambao umewekwa ili umbane mwenye nguvu, wamemwelekezea mnyonge. Nguo imevaliwa ndani nje.

KURA NA HESABU YA KURA

Wako wanaofikiri kwamba siri na uwajibikaji ni maadui: siri ikizidi uwajibikaji hupungua, na uwajibikaji ukizidi siri hufa. Mimi naomba mtazame jambo moja ambalo sote tumelifanya, nalo ni uchaguzi wa bodi.

Mwanachama akipiga kura, kura yake ni siri. Mwenyekiti haruhusiwi kuichungulia, wala shemeji yake, wala mfanyabiashara anayemkopesha mbegu. Lakini kura zikishapigwa huhesabiwa mbele ya watu wote, na idadi hutangazwa kwa sauti. Hebu tugeuze utaratibu huo. Kura ipigwe hadharani, kisha ihesabiwe chumbani na watu wawili. Hapo uchaguzi umekufa, ingawa kila sehemu ina siri yake na uwazi wake kama kwanza. Tofauti ni kwamba kila kimoja kimewekwa mahali pasipo pake.

Kanuni nitakayoishikilia katika mazungumzo haya inatoka hapo. Jambo la mtu mmoja, ambalo halimpi madaraka juu ya wenzake, ni lake mwenyewe. Jambo lifanywalo kwa mali ya wote au kwa jina la wote ni la wote. Na kadiri madaraka ya mtu yanavyokua, ndivyo sehemu ya mambo yake inayostahili kuonwa na wengine inavyokua.

Kanuni hii si ya ushirika peke yake. Nchi yetu ilipata kuijaribu kwa njia ambayo inafaa tuikumbuke. Katiba ya Muda ya mwaka 1965 iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, nayo ikaanza kazi mwaka 1966 chini ya Ndugu Erasto Mang'enya. Ilikuwa tume ya kwanza ya namna yake katika Afrika. Kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko ya wananchi juu ya viongozi na watumishi waliotumia madaraka vibaya. Ilisafiri mikoani, ikasikiliza watu, na usikilizaji wake ulifanyika faraghani. Kwa nini faragha? Kwa sababu mkulima anayemlalamikia mkubwa wake wa wilaya atarudi kuishi chini ya mkubwa huyo huyo. Hapo siri haikumlinda mwenye cheo asitoe hesabu. Ilimlinda mnyonge ili aweze kuidai.

Lakini Tume ile ilikuwa na upungufu wake. Taarifa zake zilikwenda kwa Rais, na uamuzi ulikuwa wake. Kwa hiyo mwananchi aliweza kulalamika kwa siri, lakini hakuwa na njia yake mwenyewe ya kuhakikisha kwamba jambo limefika mwisho. Mwaka 2001 nafasi yake ilichukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Fundisho kwetu ni hili: mlango wa kuingizia malalamiko uwe wa siri, lakini mlango wa kutolea majibu uwe wazi.

TULIKOTOKA

Ushirika ulianza na daftari lililo wazi. Watu 28 wa Rochdale, huko Uingereza, walipofungua duka lao mwezi Desemba 1844, waliweka sharti kwamba taarifa za hesabu ziletwe mbele ya wanachama mara kwa mara. Walikuwa maskini waliochoshwa na wenye maduka waliowauzia unga uliochanganywa na kuwapunja mizani. Walijua kwamba mizani isiyoonekana ni mizani ya mwizi.

Kwetu sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 kikaandikishwa chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Baada ya Uhuru vyama vikaongezeka kwa kasi kubwa, lakini elimu ya wanachama na ustadi wa watunza hesabu havikwenda kwa kasi hiyo. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Miongoni mwa maradhi iliyoyaona ni wanachama kutojua mambo ya chama chao, upungufu wa demokrasia katika vyama vikuu, na wanasiasa kuingilia kazi za ushirika. Zingatieni kwamba kutojua kwa wanachama kumo katika orodha hiyo. Mwanachama asiyejua hawezi kuuliza, na asiyeulizwa huzoea kutojibu.

Yaliyofuata wazee waliopo hapa wanayakumbuka. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilifanya kijiji kuwa ndicho chama, na mwezi Mei 1976 vyama vikuu vikavunjwa. Mwanachama wa kawaida hakupigiwa simu wala hakuandikiwa barua kuulizwa maoni yake. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, na mwaka huo huo likaundwa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani COASCO. Sheria ya 1991 ikatamka kwamba ushirika ni wa wanachama wenyewe kwa hiari yao. Ikafuatwa na ile ya 2003, na kisha Sheria Namba 6 ya mwaka 2013, iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Sizitaji sheria hizi ili tukariri miaka. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha jambo moja. Kila mara wanachama walipoacha kuzitazama hesabu zao, hesabu hizo hazikukosa mtazamaji. Zilitazamwa na karani, au na mfanyabiashara, au na mwanasiasa, na mwishowe na Serikali, ambayo ilikuja na dawa kali kuliko ugonjwa. Madaraka ambayo wenyewe hawayashiki huokotwa na mwingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hata mali yenye daftari hupotea, daftari likiwa na msomaji mmoja tu.

SIRI YA KIONGOZI

Sasa nije kwenye swali linaloulizwa sana na wajumbe wa bodi: je, kiongozi hana siri? Anayo. Ugonjwa wake, ndoa yake, ugomvi wake na nduguze juu ya shamba la urithi, hayo si mambo ya mkutano mkuu. Mwanachama anayesimama mkutanoni na kumsema mwenyekiti kwa habari za nyumbani kwake anastahili kunyamazishwa.

Lakini mkopo aliouchukua katika chama anachokiongoza si habari ya nyumbani kwake. Posho anayolipwa si habari ya nyumbani kwake. Wala si habari ya nyumbani kwake kwamba gari lililokodishwa kubeba mazao ya chama ni la mkwewe. Hapo madaraka yake na mfuko wake vimekutana, na palipokutana viwili hivyo ndipo penye haki ya kutazamwa.

Taifa letu limelihangaikia jambo hili kwa muda mrefu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka Miiko ya Uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika makampuni, asiwe na nyumba za kupangisha. Miiko hiyo ililegezwa kule Zanzibar mwaka 1991. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atangaze mali yake na madeni yake. Na daftari la matangazo hayo mwananchi aweza kuliangalia kwa masharti. Wapo wasemao masharti hayo ni magumu mno, na wapo wasemao hata hivyo yanamvua kiongozi nguo. Sisi wa vyama vya msingi hatuhitaji kungojea mjadala huo uishe. Mkutano mkuu wa chama chenu waweza kuamua mwaka huu huu kwamba mikopo ya wajumbe wa bodi, ya kamati ya usimamizi na ya watumishi isomwe kwa jina na kwa kiasi katika kila mkutano mkuu. Mtu asiyetaka mkopo wake usomwe hajakatazwa kukopa, asigombee tu.

SWALI LA MDAIWA SUGU

Mzee mmoja, mkulima wa siku nyingi, aliwahi kunipinga kwa hoja ambayo haifai kupuuzwa. Alisema: "Zamani aibu ndiyo iliyokuwa mdhamini. Mtu akijua kwamba jina lake litasomwa, huuza mbuzi akalipa. Wewe mkaguzi ukituwekea siri, nani atalipa? Na fedha anazozikalia ni za nani kama si zangu?"

Mzee ana haki katika nusu ya maneno yake. Fedha ni za wanachama, na mwanachama ana haki ya kujua kama fedha yake iko salama. Kwa hiyo mkutano mkuu lazima uambiwe bila kuficha: mikopo iliyotolewa ni kiasi gani, iliyochelewa ni kiasi gani, wadaiwa ni wangapi, na hatua gani zimechukuliwa. Mdhamini naye ana haki ya kujua habari ya deni alilolidhamini, tena mapema, si siku ya kukatwa fedha zake. Na deni likifika mahakamani, mahakama ni mahali pa wazi kwa asili yake.

Lakini nusu ya pili siikubali. Aibu haimkamati kila mtu sawa. Humkamata mjane, humkamata kijana anayetafuta mchumba, humkamata mtu mnyenyekevu ambaye hata bila karatasi mlangoni angelipa. Mdaiwa sugu mwenye nguvu haoni aibu. Husoma jina lake mlangoni akacheka, kisha akamwomba katibu alifute, na katibu hulifuta kwa sababu mdaiwa huyo ndiye atakayemwajiri mwanawe. Kwa hiyo aibu hukusanya madeni madogo ya wanyonge na kuyaacha makubwa ya wakubwa. Chama kinachotegemea aibu badala ya daftari kimekiri kwamba hakina daftari.

Tena kuna hasara isiyoandikwa popote. Kijijini kwetu nyumba ziko karibu. Tangu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilipowatoa watu katika makazi yaliyotawanyika na kuwapanga kwa mistari, jirani husikia hata kikohozi cha jirani. Mahali kama hapa, mwanachama akiona siri ya mwenzake imeanikwa, hatasubiri zamu yake. Ataificha fedha yake chini ya godoro, au ataipeleka kwa mkopeshaji wa riba kubwa ambaye angalau hamwulizi kitu. Chama hukosa akiba kwa sababu ya karatasi moja.

Wala si kijijini tu. Katika simu zetu wametokea wakopeshaji wanaotoa fedha kwa dakika chache, na mtu akichelewa kulipa huwatumia ujumbe ndugu, marafiki na hata mwajiri wake, wakichukua namba zote zilizomo katika simu ya mdaiwa. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya namna hiyo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Tunapowalaani hao, tujiulize pia: karatasi yetu ya mlangoni inatofautiana nao katika nini?

SIMU NA DAFTARI

Zamani siri ya chama ilikuwa ndani ya kabati lenye kufuli. Siku hizi iko ndani ya simu ya katibu. Wakulima wameandikishwa ili wapate mbolea ya ruzuku. Wameandikwa katika daftari la wanachama, na taarifa za vyama zinaingizwa katika mfumo wa kompyuta wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika uitwao MUVU. Namba za kitambulisho cha Taifa, namba za simu, ukubwa wa shamba, namba za akaunti za benki, yote hayo hupita mikononi mwa katibu. Nimeona orodha nzima ya wanachama, pamoja na namba hizo, ikitupwa katika kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili, eti kila mtu ahakiki jina lake. Mwenye nia mbaya mmoja akiwamo humo, kazi ya wiki ya mwizi imefanywa na katibu kwa dakika moja.

Katiba yetu, katika Ibara ya 16, inatambua haki ya kila mtu kuheshimiwa katika nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na makazi yake. Mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume ya kuisimamia. Maana yake kwetu si ngumu. Ukichukua taarifa ya mtu, mwambie unaichukulia nini. Uitumie kwa kazi hiyo tu. Usichukue zaidi ya unayohitaji. Itunze isipotee wala isiibwe. Naye mwenyewe akitaka kuiona au kuisahihisha, mruhusu.

Ila naomba sana, ndugu makatibu, sheria hii isigeuzwe kuwa ngao mpya ya wezi. Nimekwisha kumsikia kiongozi akikataa kutoa taarifa ya posho za bodi kwa kusema kwamba ni "taarifa binafsi". Huko ni kuigeuza sheria. Sheria ya kumlinda mtu haikutungwa ili kulinda matumizi ya fedha za watu. Kama ilivyo, mwaka 2016 ilitungwa sheria nyingine, ya Haki ya Kupata Taarifa, kwa upande wa taasisi za umma; na sisi wa ushirika kanuni zetu za uwazi ni za zamani kuliko zote mbili.

Mfano wa karibu ni miche ya michikichi. Tangu mwaka 2018, Serikali ilipotilia mkazo zao hili mkoani kwetu, miche ya aina ya Tenera imegawiwa kwa wakulima. Tuseme chama kimepokea miche ya kuwagawia wanachama. Orodha ya nani amepata na amepata mingapi yapasa kubandikwa mlangoni, kwa sababu miche ni mali ya wote na mgawaji ametumia madaraka. Hapo mwanachama hawezi kudai siri. Lakini orodha ya nani amekopa kwa ajili ya matibabu ibaki kabatini. Mlango ni ule ule, na karatasi ni ile ile. Kinachotofautiana ni nani anayechungwa. Ya kwanza inamchunga mgawaji, ya pili inamtesa mgonjwa.

MKAGUZI NAYE ATAZAMWE

Nisije nikaonekana nahubiri kwa wengine tu. Mkaguzi naye ana madaraka, tena makubwa. Anaingia chumbani, anafungua kabati, anahesabu fedha, anaona deni la kila mtu. Kwa hiyo kanuni ile ile inamhusu.

Mkaguzi akija, mna haki ya kumwomba barua ya kazi na kitambulisho. Akichukua daftari kwenda nalo, aandike na kutia sahihi kwamba amelichukua. Asipewe dumu la mawese wala gunia la dagaa. Chakula cha mgeni kinatosha. Yale anayoyaona ya mwanachama mmoja mmoja ayafunge mdomoni mwake. Asiyapeleke kilabuni wala msibani. Lakini yale aliyoyaona katika hesabu za chama ayaandike wazi, na taarifa yake isomwe mbele ya wanachama wote, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Taarifa ya ukaguzi inayoishia katika mtoto wa meza ya mwenyekiti ni kazi bure. Kama chama kimepata hati yenye shaka, wanachama waelezwe shaka hiyo ni ipi na imetokana na nani.

MAMBO YA KUTENDA

Ili mazungumzo haya yasiishie hewani, napendekeza kila chama kipeleke mambo yafuatayo katika mkutano mkuu ujao, na yakikubaliwa yaingizwe katika masharti ya chama.

1. Yabandikwe mlangoni: muhtasari wa mapato na matumizi ya kila robo mwaka, bei iliyouzwa mazao na makato yote, ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu, majina ya walioshinda zabuni na kiasi cha zabuni, na mgawo wa pembejeo.

2. Yasomwe mkutanoni kwa majina: mikopo, posho na masurufu ya viongozi na watumishi, pamoja na uhusiano wowote wa kiongozi na mtu anayefanya biashara na chama.

3. Yafungiwe kabatini: akiba na mikopo ya mwanachama mmoja mmoja, sababu za mkopo, namba za vitambulisho, simu na akaunti. Ufunguo uwe na mtu anayejulikana, na kila anayefungua aandike jina lake na sababu.

4. Mwanachama aonyeshwe kadi yake mwenyewe siku yoyote ya kazi, bila kuulizwa kwa nini. Hesabu za chama, masharti na mihutasari ya mikutano mikuu asinyimwe.

5. Mdaiwa aandikiwe barua, kisha mdhamini wake, kisha aitwe mbele ya bodi, kisha sheria ifuate mkondo wake. Kiongozi mdaiwa afuatwe kwanza, kabla ya mwanachama wa kawaida.

6. Liwepo sanduku la malalamiko, na ufunguo wake ukae kwa kamati ya usimamizi, wala si kwa mwenyekiti au katibu. Majina ya walalamikaji yasitajwe. Majibu yasomwe hadharani.

Ndugu wanachama, nanyi mna zamu yenu. Uwazi ni kazi. Karatasi ikibandikwa isiposomwa, mwaka ujao haitabandikwa. Mkutano ukiitwa msipofika, wachache watakaofika ndio watakaokuwa chama. Na mkisikia siri ya mwenzenu, isiendelee mbele yenu. Anayedai bodi iheshimu siri yake, huku yeye mwenyewe akiibeba ya jirani mpaka mwaloni Kibirizi, hajaelewa anachokidai.

Tulipoungana katika ushirika hatukumkabidhi mtu nafsi zetu; tulimkabidhi sehemu ya mali yetu na sehemu ya uwezo wetu wa kuamua. Hiyo tuliyomkabidhi atuonyeshe kila tunapoitaka. Ile ambayo hatukumkabidhi, asiiguse.